Mwezi, mnyoo na sangara: nani hasa anapanga bei ya dagaa?

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA wa dagaa ana kalenda mbili. Ya kwanza imetundikwa ukutani na ina alama za tarehe za marejesho ya kikundi na karo za watoto. Ya pili iko angani. Mwezi ukipevuka, mialo ya Ziwa Victoria hutulia, taa hubaki nyumbani na vichanja vya kuanikia hukaa vitupu kwa wiki nzima, wakati mwingine zaidi. Giza likirudi, mitumbwi nayo inarudi majini, na ukisimama ufukweni Musoma au Ukerewe usiku huo utaona taa zimejipanga ziwani kama mji mwingine.

Anayenunua Kirumba Mwaloni jijini Mwanza na kupeleka mzigo Rusumo, Mutukula, Sirari au Kabanga anaijua kalenda hiyo kwa mfuko wake. Anajua siku ya kukaa na fedha mkononi na siku ya kutoahidi gunia lolote kwa mteja wa Kigali au Bukavu. Wachache tu ndio huuliza kwa nini mwezi uamue. Jibu liko kwenye mahusiano ya viumbe ambavyo wengi wetu hatujawahi kuviona, na mahusiano hayohayo ndiyo yanayoeleza kwa nini leo kuna biashara ya dagaa kubwa kiasi hiki kuzunguka ziwa hili.

Tuanze na majina, maana mipakani majina huleta ugomvi. Dagaa wa Mwanza, omena wa Kisumu na mukene wa Kampala ni samaki yuleyule, mwenye urefu usiozidi kidole cha mtu mzima. Dagaa wa Kigoma, ambao Burundi na Kongo huwaita ndagala, ni samaki wengine kabisa. Hao wa Ziwa Tanganyika ni wa jamii ya sadini, ilhali wa Victoria ni wa jamii ya samaki wa Ulaya na Asia anayeitwa kapu. Mteja anayekataa kulipa bei ya Kigoma kwa mzigo wa Mwanza ana haki yake. Na sambaza wa Ziwa Kivu? Hao ni wahamiaji: walichukuliwa Tanganyika na kupandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950.

Sasa turudi kwenye mwezi. Dagaa wa Victoria hula vijidudu vidogo mno vinavyoelea majini, pamoja na viluwiluwi vya wadudu wa ziwa. Mchana chakula hicho hukaa chini, kwingine hata ndani ya tope, kikikwepa macho ya walaji. Jua likizama hupanda juu, na dagaa hukifuata. Mvuvi anapowasha karabai, au taa ya sola kama ilivyo siku hizi, anawavuta wadudu na vijidudu, na dagaa wanakusanyika chini ya mwanga kama watu kwenye mgahawa pekee uliofunguliwa usiku. Mwezi mpevu ukitoka, ziwa lote linakuwa na mwanga. Taa ya mvuvi haina tena cha kujivunia, dagaa wanatawanyika, na mafuta au betri inaishia bure.

Wadudu hao wa ziwa nao wana ratiba yao. Ni wale wanaoonekana kwa mbali kama nguzo za moshi juu ya maji, na upepo ukiwaleta nchi kavu hujaa machoni, kwenye chai na kwenye taa za dukani. Aina moja yao hutoka majini kwa wingi karibu na mwezi mwandamo. Kwa hiyo giza linawaleta wadudu na dagaa kwa pamoja, nao mbayuwayu huja kuchukua fungu lao. Kuna jamii kando ya ziwa ambazo huwakusanya wadudu hao na kuwala, na sioni kwa nini tucheke. Dagaa anakula chakula hichohicho, kisha sisi tunamlipia dagaa.

Utepe mweupe tumboni

Kuna jambo ambalo kila muuza dagaa wabichi amekutana nalo na wachache hupenda kulizungumza mbele ya mteja. Unampasua dagaa, unakuta ndani yake utepe mweupe, mnene kuliko unavyotarajia kwa samaki mdogo vile, wakati mwingine umelijaza tumbo lote. Mteja anashtuka. Dalali anapata sababu ya kushusha bei. Maneno yanaanza: dagaa wana ugonjwa, ziwa limetiwa sumu.

Huo ni mnyoo, na safari yake ni mojawapo ya habari za ajabu kabisa za ziwa hili. Mayai yake huanguka majini pamoja na kinyesi cha ndege wanaokula samaki. Yakianguliwa, kinachotoka humezwa na kijidudu cha majini. Dagaa anakula kijidudu, na mnyoo unahamia tumboni mwake, nje ya utumbo, ambako unakua kwa muda mrefu. Dagaa mwenye mnyoo huo hashindwi tu kunenepa. Viungo vyake vya uzazi hudumaa, hivyo hazai. Nguvu ambayo ingetengeneza mayai imekwenda kwa mgeni.

Halafu inakuja sehemu ya ujanja, kama tukikubali neno hilo kwa kiumbe kisicho na akili. Samaki aliyeambukizwa huelekea kukaa karibu na uso wa maji na kuogelea kwa uzito. Ndege anamwona kwa urahisi, anamdaka, na mnyoo unafika ulikotaka kufika. Ndani ya ndege hukaa siku chache tu, hutaga, hufa, na mayai huanguka tena ziwani. Ndege, kijidudu na dagaa ni nyumba tatu za mpangaji mmoja, na anayelipa kodi kubwa ni dagaa.

Kwa mfanyabiashara, la kujua ni kwamba mwenyeji wa mwisho wa mnyoo huu ni ndege, si binadamu. Dagaa waliokaushwa vizuri na kupikwa hawabebi mnyoo hai. Kitu cha kumtia hofu mnunuzi si utepe ule, ni unyevu. Gunia lililofungwa kabla dagaa hawajakauka, au walioanikwa mchangani mvua ikawakuta, litaota ukungu kabla halijafika mpakani, na hapo hakuna maelezo ya sayansi yatakayoiokoa fedha yako.

Samaki aliyeletwa kwa ndoo

Kwa uzito, dagaa ndio wanaoongoza leo katika samaki wanaovuliwa Ziwa Victoria. Mzee aliyevua hapa miaka ya 1960 angekuambia hadithi tofauti. Enzi hizo ziwa lilikuwa la furu.

Furu ni samaki wadogo wenye miiba mgongoni, na madume yao huwa na rangi za kupendeza: bluu, nyekundu, manjano. Wanasayansi wanakadiria kuwa ziwa lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, karibu zote hazipatikani pengine popote duniani. Hilo linashangaza zaidi ukijua kuwa ziwa hili lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita na kujaa upya. Kwa hesabu za maumbile, aina zote hizo zimejitokeza kwa muda mfupi sana. Na kila kundi lilikuwa na kazi yake. Kulikuwa na furu wa kula mwani, wa kula tope lenye mabaki ya viumbe, wa kuponda konokono kwa meno ya kooni, wa kula wadudu, wa kula furu wenzao. Kulikuwa na hata waliokuwa wakiwanyang'anya majike mayai na vitoto mdomoni, maana jike la furu hulea watoto wake mdomoni. Katika maji ya Ghuba ya Mwanza, furu walikuwa takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wote waliokuwa wakinaswa na nyavu za kuburuta.

Maofisa wa uvuvi wa wakati wa ukoloni waliwatazama wakaona hasara. Samaki wadogo, wenye miiba, wasio na bei. Wazo lao lilikuwa kuleta samaki mkubwa awale furu na kuwageuza kuwa nyama inayouzika. Sangara akaletwa kutoka maziwa mengine ya kaskazini, likiwemo Ziwa Albert, katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Sato wa sasa naye aliletwa kipindi hichohicho, na ngege, sato wa asili, akazidi kurudi nyuma. Kulikuwa na waliopinga. Mwanasayansi Geoffrey Fryer aliandika mwaka 1960 kuonya dhidi ya mpango wa kumleta sangara. Hakusikilizwa.

Kwa miaka 20 hivi ilionekana kama hakuna kilichotokea. Kisha, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 upande wa Kenya, baadaye Uganda, na katikati ya miaka ya 1980 Mwanza, sangara walilipuka. Linganisha hesabu za uzazi. Furu jike hubeba vitoto vichache kwa kadiri mdomo unavyoruhusu. Sangara jike mkubwa hutaga mayai kwa mamilioni. Furu alikuwa amejifunza kuwakwepa adui zake wa asili, lakini hakuwahi kuishi na mnyama anayeweza kufika kilo 200. Ndani ya miaka michache aina zipatazo 200 zilitoweka au zikawa hazionekani tena.

Hapo ndipo uhusiano mmoja ulipovuta mwingine. Furu waliokuwa wakila vijidudu vinavyoelea walipoondoka, chakula chao kilibaki kwa dagaa, na dagaa wakaongezeka. Uduvi wadogo wa ziwani waliongezeka pia, wakawa chakula cha sangara wachanga. Mdiria, yule ndege mweusi na mweupe anayening'inia hewani juu ya maji kabla ya kujitupa, alikuwa akila furu. Akahamia kwa dagaa, na kwa kuwa dagaa ni wadogo, ilimbidi adake wengi zaidi ili ashibe. Sangara mwenyewe, furu walipomwishia, aligeukia uduvi, dagaa na watoto wake mwenyewe.

Miti nayo iliguswa. Furu na sato walikaushwa juani. Sangara ana mafuta mengi, haanikwi akakauka kirahisi. Anahitaji kubanikwa au kukaangwa, na moto unahitaji kuni. Vilima vilivyokuwa karibu na mialo vililipa gharama ya samaki ambaye hakuwa na uhusiano wowote na msitu. Wengine walipata jibu kwa chumvi, na ndipo kayabo wakashika njia ya kwenda Kongo.

Nimewasikia watu wa mijini wakimwita sangara shetani, hasa baada ya filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004 iliyoonyesha mapanki ya Mwanza. Sidhani kama wamewahi kuuza kayabo. Sangara amejenga nyumba za bati kutoka Homa Bay hadi Kalangala, ameleta viwanda vya minofu, na bondo lake linapelekwa Asia kwa bei inayozidi ya nyama yake. Pia alitufundisha ugumu wa kutegemea mnunuzi mmoja, Ulaya ilipozuia samaki wa ziwa hili zaidi ya mara moja mwishoni mwa miaka ya 1990. Lakini wanaomwita mkombozi nao wanasahau kuhesabu upande wa pili wa daftari.

Upande huo ni maji yenyewe. Tope la mashamba, mbolea na majitaka ya miji vimelirutubisha ziwa kupita kiasi. Mwani umeongezeka wakati ambapo sehemu kubwa ya furu waliokuwa wakiula imeondoka. Ukifa huzama, ukioza hutumia oksijeni, na maji ya kina kirefu hubaki bila hewa kwa sehemu ya mwaka. Upepo mkali ukiyakoroga maji hayo na kuyapandisha, samaki wanakosa pumzi, na wa kwanza kufa huwa sangara, maana anahitaji oksijeni nyingi. Mwanzoni mwa mwaka 2021 sangara wakubwa walielea wakiwa wamekufa upande wa Uganda. Uvumi wa sumu ulienea haraka. Wataalamu wa serikali walisema ni ukosefu wa oksijeni.

Maji yaliyofifia yameharibu hata ndoa za furu. Jike la furu humchagua dume kwa rangi, na kwenye maji yasiyopitisha mwanga rangi hazionekani vizuri. Watafiti walionyesha mwaka 1997 kwamba kwenye maji machafu aina za furu zilizokuwa zikijitenga zinaanza kuchanganyika na kuwa kitu kimoja. Yaani aina inaweza kupotea bila kuliwa na yeyote.

Fukusi wa kukodiwa

Wanaokumbuka miaka ya 1990 hawajasahau gugu maji. Liliripotiwa ziwani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, na Mto Kagera umekuwa mojawapo ya njia zake kuu. Kufikia 1998 lilikuwa limefunika maelfu ya hekta, bandari ya Kisumu ikizibwa na mitumbwi ikishindwa kutoka mialoni. Mmea huu umetoka Amerika Kusini, na tatizo lake hapa lilikuwa kwamba ulikuja peke yake, ukawaacha nyuma wadudu wanaoutafuna kwao.

Suluhisho likawa kuwafuata. Aina mbili za fukusi, ndugu wa mbali wa hao wanaotoboa mahindi ghalani, waliachiwa Uganda mwaka 1995, kisha Kenya na Tanzania mwaka 1997. Hula majani ya gugu maji, na mabuu yao hutoboa shina. Hawana shida na mazao yetu. Ndani ya miaka michache gugu lilipungua sana. Wapo wanaosema mawimbi na mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilisaidia pia, na hoja yao ina uzito. Halikuisha. Maji yenye rutuba nyingi hulikuza upya kila linapopata nafasi, na fukusi huchelewa kulifikia.

Hata adui huyo alikuwa na wapangaji. Chini ya zulia lake walijificha kamongo na kambale wanaovumilia maji yenye hewa kidogo, na ng'ambo ya Kenya wavuvi waliwapata kwa wingi. Walijificha pia konokono wanaobeba vimelea vya kichocho. Mama anayesimama majini hadi magotini kupokea ndoo za dagaa anapaswa kulijua hilo.

Kuna maficho mengine yenye faida zaidi. Kwenye mafunjo, yale tunayosukia mikeka, hewa ya majini ni kidogo kiasi kwamba sangara haingii. Furu kadhaa wanaweza kustahimili. Utafiti katika Ziwa Nabugabo, Uganda, umeonyesha kwamba kingo za mafunjo ndizo zilizowahifadhi. Katika Ziwa Kanyaboli, lililozungukwa na kinamasi cha Yala nchini Kenya, ngege bado yupo. Kila kinamasi kinapokaushwa kwa ajili ya shamba, ghala hilo la mbegu linapungua.

Kilichobaki kwenye chekeche

Kuanzia miaka ya 1990, sangara walipovuliwa kwa nguvu, baadhi ya furu walianza kurudi. Hawakurudi kama walivyoondoka. Kuna aina ambayo sasa ina mashavu makubwa zaidi ya kupumulia, na chakula chake kimebadilika. Wanagombania vijidudu na dagaa, na sangara amerudi kuwala. Maana yake ni kwamba sheria inayomhusu samaki mmoja inamgusa na mwingine. Ukubwa wa chini wa sangara wa sentimita 50, ambao Uganda iliamua kuusimamia kwa kutumia wanajeshi tangu 2017, hauishii kwa mwenye kiwanda cha minofu. Unaamua ni walaji wangapi wataachwa ziwani, kwa hiyo furu wangapi, kwa hiyo dagaa wangapi.

Nchi tatu zenye ziwa zilianzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria mwaka 1994, makao yake Jinja, kwa sababu samaki hawagongewi mihuri ya pasipoti. Bado sheria za nyavu na misimu hutofautiana vya kutosha kumtia hasara mtu mwenye lori. Ziwa Tanganyika limekwenda mbele kidogo: mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei, ili dagaa na migebuka wazaliane. Wenye mzigo wa Kigoma waliuma meno, na wa Mwanza wakapata wateja wapya. Atakayenunua kwa mkopo bila kujua tarehe hizo asimlaumu mwanga wa mwezi.

Mara nyingine ukimwaga gunia la dagaa juu ya turubai, fuata mkono wa anayechagua. Atatoa majani, vijiwe, na samaki wachache ambao si dagaa. Wenye mdomo mpana na mkia wa mviringo ni watoto wa sangara, ambao mwaka mmoja au miwili baadaye wangeuzwa kwa kilo. Wafupi, wenye mwili bapa na miiba mgongoni, waliokauka hadi rangi zikapotea, ni furu. Kwa kawaida hutupwa pembeni kwenye rundo la chakula cha kuku, na hakuna anayewahesabu.